Daftari la Maji Mafu

Siku ya kwanza iliwaka taa moja, wati tano,
ndani ya kibanda chetu cha mabati pale Vijibweni,
na Siwema akasema: izime, uiwashe tena,
macho yangu siyaamini.
Tukaiwasha mara kumi na moja.

Chini yetu, horini, lilizunguka pangaboi
lililoacha dari za watu likaenda kuoga:
mapanga manne ya chuma, dinamo ya lori bovu,
grisi, vipande vya tyubu, bismillahi.
Juu ya daraja magari yalikwenda mjini.
Hakuna aliyejua kwamba maji nayo
yalikuwa yakienda kazini.

Usiku ule nikapiga hesabu, nikalewa hesabu.
Kama hori ni taa moja, mlango wa bandari je?
Na bahari yote, Kunduchi hadi Kimbiji?
Nikaona mgao umekufa, nikauzika,
nikala na pilau ya arobaini yake.

Kisha yakaja maji mafu.
Bamvua lilituaga, mwezi ukabaki nusu,
taa ikawa nyekundu kama jicho la mwenye homa.
Mtambo wa gesi una meneja, utampigia simu.
Mwezi unampigia nani?

Nimeandika yote, kwa penseli:
Jumatatu, mfuko wa nailoni umekaba mapanga.
Jumatano, beringi imekula chumvi nyingi kuliko umri wake.
Ijumaa, mita tisa za waya wa shaba hazipo;
mwizi naye alihitaji umeme, kwa njia yake.
Mwezi wa pili: chaza.
Chaza juu ya chaza, panga limevaa koti la mawe,
na mkondo wa kumwangusha ng'ombe
unalipita kama mtu apitaye msiba wa wasiomhusu.

Bwana Lugenge wa vibali aliuliza:
hiki ni chombo, ni kiwanda, au ni nini?
Hakukuwa na fomu yake.
Akatupa ya uvuvi.

Tuliupandisha mtambo kwa kamba na watu sita.
Siwema akakwangua kwa patasi hadi giza likaingia,
chaza wakajaa ndoo.
Mtaani umeme ulishakatwa.
Tukawapika palepale, ndimu na pilipili,
juu ya jiko la mkaa,
tukicheka, vidole vikivuja damu,
naye akinisomea daftari kwa tochi ya simu:
bamvua lijalo, Alhamisi, saa kumi na robo alfajiri.
Njoo na grisi.