Uzi wa Tano

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
gita hili halikufanya hili wala lile.
Liliegemea ukuta wa duka la mitumba mjini Radom,
kati ya cherehani na viatu vya kutelezea barafuni,
karatasi ya bei imebandikwa mara tatu,
kila mara kwa tarakimu ndogo zaidi.

Nilikuwa na besi yangu ya nyuzi nne, miaka kumi na tisa,
hatukuwa na siri.
Lakini Halszka alitoka hospitalini na sauti nyingine.
Walikata kitu kidogo kooni
na kilichobaki kikashuka ngazi,
hatua mbili, kisha nusu, kikaketi huko chini.
Mwimbaji wetu. Na harusi kila Jumamosi hadi Kwaresima.
Wieńczysław wa kodiani akasema: basi, tutashusha nyimbo zote.
Kwake kushusha ni kuhamisha vidole.
Mimi nilishuka nikakuta ardhi imeisha.

Ndiyo sababu ya uzi wa tano.

Niseme wema kwanza, maana ubaya una midomo mingi.
Shingo ni pana kama ubao wa kukatia mkate, ila imenyooka:
niliichungulia kwa jicho moja, kama mlenga shabaha,
haina kibyongo.
Mbao ni nyepesi, sijui za mti gani,
muuzaji hajui, kiwanda hakikuandika.
Nyuzi nne za juu zinasema kweli,
tena kwa mshahara wa siku sita za kukanda unga.

Sasa.

Kichwa kizito kuliko kiwiliwili. Ukiachia mkono
kinainama kama mjomba wa bwana harusi saa nane za usiku.
Vyuma vya shingo vina meno pembeni;
wimbo wa kwanza tu, kidole cha shahada kikatoka damu.
Likisogea karibu na taa za ukumbi linanguruma kama friji.
Kwenye uzi mwembamba, chuma cha saba, kuna kaburi:
noti inaingia pale, haitoki.
Na uzi wa tano, ule ule nilioufuata,
ulegevu mtupu. Kamba ya kuanikia nguo.
Unaupiga leo, unaitika kesho.
Dobromił aliacha ngoma akauliza
kama kuna trekta nje.

Nikachukua tupa ya kucha ya mke wangu.
Nikachukua karatasi ya fedha ya chokoleti,
nikaitandika ndani ya tundu la nyaya.
Tiketi ya basi namba tisa, iliyokunjwa mara mbili,
sasa inalala chini ya shingo, safari yake imekwisha.
Mkanda wa ngozi ya kukwaruza, ushike bega, kichwa kisianguke.
Mwisho uzi mpya, mnene,
ambao peke yake ulikaribia nusu ya bei ya gita.
Muuza nyuzi alinitazama
kama mtu anayemnunulia punda wa kukodi tandiko la fedha.

Kaburi la chuma cha saba limenishinda.
Nalizunguka. Hata nyumbani kuna ubao wa sakafu
ambao hatuukanyagi usiku, na tunaishi.

Jumamosi, Iłża, wageni mia na arobaini.
Wimbo wa polepole, ule Halszka aliokuwa akiuimba juu kabisa
enzi zile vijana walipokuwa wakiacha supu ipoe.
Akavuta pumzi. Niliona mabega yake yakiogopa.
Nikauachia uzi wa tano, wazi, bila kidole,
ukaja pole pole kutoka kwenye nyayo za viatu,
glasi zikagusana mezani zenyewe,
na sauti yake, ile mpya, yenye mchanga,
ikatafuta pa kukanyaga
ikapata.

Akageuka. Miaka kumi na miwili jukwaa moja,
hajawahi kumgeukia mpiga besi.

Keki ilipoletwa, betri ya gita ikaisha.
Nilikuwa na nyingine mfukoni;
nalo hilo
limenifundisha.