Mwiko

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipopelekwa kwake,
na cha kwanza alichonipa si salamu, ni mwiko.
"Shika. Usikoroge kama anayetafuta pete kisimani."
Mwiko wa mti wa mcheri, umelika upande mmoja
kwa kuzungushwa miaka yote na mkono wa kulia,
hata ukafanana na mwezi wa siku ya tano.

Mama Vuillot, ndivyo Louhans nzima ilivyomwita:
makuli wa stesheni, kasisi, madalali wa kuku wa Jumatatu.
Mama, naye hakuzaa.
Mumewe Anthelme alimezwa na vita,
akamwachia viatu vya mti, deni la mvinyo,
na jiko la chuma lililotapika moshi
kila upepo ulipogeukia kaskazini.
Jina lake la ubatizo ni Eulalie. Nani alilitumia?

Sokoni alimshika kuku mweupe, miguu ya samawati,
akampuliza manyoya ya kifua aone ngozi,
polepole, kama afutaye vumbi kwenye barua ya zamani.
Kisha bei. Hapo upole ulikwisha.

Jikoni alinifundisha lugha ya siagi.
"Ikipiga kelele, bado ina maji.
Ikinong'ona, tia vitunguu.
Ikinyamaza, umechelewa. Anza upya,
na hiyo nitaikata kwenye mshahara wako."
Aliikata. Mara tatu. Hesabu ninayo.

Mwaka ule uyoga wa masika ulipowahi,
alishuka kwenye motokaa mpishi mkuu wa Paris,
kofia, glavu, kijidaftari.
Kwao, mwanamke kushika jiko la hoteli kubwa ni mwiko.
Alisema hivyo huku akivua glavu,
kidole kimoja kimoja, bila haya.

Mama akampelekea kwanza uji,
uji wetu wa unga wa mahindi yaliyobanikwa,
uliotupa jina la matumbo-manjano.
Bwana akaweka kijiko chini.
"Hiki si chakula cha kuku?"
"Ndicho. Ndiyo maana kuku wetu ni watamu.
Kula, Bwana. Huenda na wewe ukafaa."

Nilijificha nyuma ya pipa nikiuma aproni.

Kisha akaletewa kuku kwenye krimu,
uyoga wenye matundu kama sega la nyuki,
mvinyo wa manjano wa milima ya Jura.
Alikula bila neno. Alipangusa sahani kwa mkate,
akaipangusa tena, haikuwa na kitu.
Akafungua kijidaftari.
"Krimu kiasi gani?" "Mpaka itoshe."
"Kwa muda gani?"
"Mpaka mke wa stesheni masta apite na ndoo ya maziwa."
Aliandika. Naapa, aliandika.

Majira ya baridi ikaja bahasha yenye lakiri,
cheti cha heshima cha chama cha wapishi,
wino mweusi, herufi za kujipinda:
*Kwa Bwana E. Vuillot.*

Aliisoma amesimama, unga hadi kwenye viwiko.
Hakucheka. Niliona koo lake likimeza kitu.
Aliikunja mara nne,
akainama, akaitia chini ya mguu wa meza
ule uliokuwa mfupi tangu enzi za Anthelme.
Akaitikisa meza. Haikuyumba.
"Wachache," akasema, "wanaofaa hivi wakiwa wamekunjwa."

Jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko ndimi:
nimeganda chini, nimeungua kidogo,
na wageni wa siku hizi huja na vijiko kunikwangua.
Wanauliza vipimo. Nawaambia sijui, na ni kweli;
yule mke wa stesheni masta alikufa,
treni yenyewe haisimami tena hapa.

Cheti kiko pale pale, sijakitoa.
Mwiko ninao.
Lakini mimi ni mashoto,
nao umeanza kulika upande wa pili.