Juu Kuna Nini

Mwalimu Paluku alitufundisha saa kumi na moja jioni,
Ndosho, chumba cha mbao juu ya mawe meusi,
sote tumetoka kazini: Masika na harufu ya sambaza vidoleni,
kijana wa chukudu na vumbi la makala,
mimi na funguo za lango la watu.

"Kiingereza cha kitabuni," alisema, "kimevaa tai.
Hiki cha leo kimevaa kandambili."
Akaandika ubaoni kama sikio linavyosikia:
Wasap. Hau kamu. Gesi wati.
Chaki ikakatika kwenye gesi.
Masika akacheka: gesi tunayo, imejaa ziwani,
wati ndizo hatujaziona.

Wasap, alieleza, neno kwa neno, ni: juu kuna nini?
Tukageukia dirisha wote kwa pamoja.
Juu kulikuwa na Nyiragongo,
tumbo la wingu limeiva jekundu,
na kwa muda hakuna aliyecheka.
"Ndiyo," akasema Mwalimu, "lakini wao hawaulizii mlima.
Wanapita tu. Jibu lake ni: si kitu."

Si kitu!
Kwetu mtu akikuuliza habari, unasema nzuri,
unavuta pumzi, halafu ndipo habari inaanza:
mtoto ana homa, bidoni imeibwa, mjomba tumemzika jana.
Hiyo nzuri ni mlango tu.
Kumbe wao wana mlango bila nyumba?
Nilikaa na swali hilo mpaka zamu ya usiku.

Himbi, lango la chuma, saa nne.
Bwana Kolin, injinia wa maji, anarudi na gari,
anashusha kioo: "Wasap, Balume?"
"Si kitu," nikajibu. Sawasawa kabisa.
Mlima ukiwaka nyuma ya kichwa chake.

Wiki tatu tukaenda hivyo, yeye wasap, mimi si kitu,
kama watu wawili wanaorushiana mpira usio na upepo.

Kisha usiku wa mvua akakuta lango halijatiwa komeo.
Akauliza, taratibu, bila hasira: "Hau kamu?"
Chaki ya Mwalimu ilinitoka kichwani.
Nilisikia hau, namna gani; nilisikia kamu, kuja.
Ulikujaje?
Hakuna aliyewahi kuniuliza, tangu nifike mji huu.

Nikamwambia.
Kwa Kiingereza cha vipande, kingine kwa mikono:
toka Masisi, siku nne kwa miguu, godoro kichwani,
mama mbele kwa kuwa yeye ndiye aliyejua njia za ng'ombe,
mbuzi mmoja tuliyemwacha mtoni kwa sababu alilia,
na kulia kunaita watu.
Sake tulilala darasani. Nakumbuka hata ubao:
hesabu ya kugawanya, haijamalizwa.

Mvua iliingia garini. Hakupandisha kioo.
Alinisikiliza mpaka godoro, mpaka mbuzi, mpaka hesabu,
kisha akashuka, akatia komeo mwenyewe.

Kesho yake Mwalimu alinisahihisha:
hau kamu ni "kwa nini" tu, Balume, kwa nini iliyolegea.
Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, nikainama,
nikaandika jibu sahihi daftarini
na lile kosa sikulifuta.

Siku hizi Kolin naye anajifunza, kwa nani sijui, pengine kwa mpishi.
Juzi asubuhi alisimama langoni na kikombe chake,
akataka kusema umeamkaje,
ulimi ukateleza: "Umekujaje?"
Nikamtazama.
"Kwa miguu," nikasema, "kama kila siku."
Akangoja.
Kahawa ikipoa mkononi mwake, akangoja iliyobaki.