Peso Arobaini kwa Siku

Usiku wa Julai, Paysandú. Baridi ya mto imeingia hadi kwenye droo.
Eladio Berrutti amevaa koti ndani ya nyumba
na mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta,
kuna kitufe kinachoteleza kushoto, kulia:
Ungependa kutumia kiasi gani kwa siku?
Tunapendekeza mia tisa.

Mia tisa! Anacheka mpaka miwani inapata ukungu.
Tovuti yake inauza vipuri vya cherehani
ambazo viwanda viliacha kuziunda kabla hajaoa:
mikanda ya raba, vijisahani vya kubana uzi,
springi nyembamba kama kope za mtoto mchanga.
Mwezi jana walipita watu arobaini na mmoja,
na kumi na tisa kati yao ni yeye mwenyewe
akihakikisha duka bado lipo.

Sisi tunasema kizuri chajiuza.
Sisi hao hao tunasema biashara ni matangazo,
na hakuna aliyewahi kuzikalisha kauli hizi mbili
zikapigiana hesabu meza moja.
Eladio hana methali zetu. Ana shemeji,
Nélida, mwenye daftari la mistari ya kijani
na penseli iliyotafunwa.

Mbofyo mmoja, peso kumi na mbili.
Wabofyao arobaini, anunuaye mmoja.
Mkanda mmoja, faida mia na themanini.
"Piga," anasema. Anapiga. Anapiga tena.
Kila mteja atakayekuja kwa njia hiyo
atamtoboa mfuko kwa mia tatu.
"Yaani nikifanikiwa sana," anasema Eladio,
"nitafilisika mapema zaidi."
Nélida hacheki. "Na usipotangaza?"
"Nitafilisika taratibu."
"Basi chagua mwendo."

Anakivuta kitufe: mia tano. Mia mbili.
Sifuri, na kitufe kinageuka kijivu, kimenuna.
Ndipo anapoikumbuka barua ya bibi wa Tacuarembó,
anaitoa chini ya rundo la stakabadhi:
Don Eladio, nimetafuta miezi mine mkada wa rabba
wa charahani ya mama. Niliandika ninavyolijua neno,
mtandao ukaniletea majokofu.

Anaisoma mara mbili.
Mara ya tatu anaisoma kwa kidole.

Neno lililonyooka lina wenyewe:
maduka makubwa ya Montevideo yanaligombania
kama kiwanja cha kando ya barabara kuu.
Lakini charahani nani anaigombania?
Nani ameweka dau juu ya mkada wa rabba?
Anaandika, anabonyeza, anangoja bei.
Peso mbili.

Wanaishusha mezani droo nzima ya barua.
Nélida, aliyefundisha miaka thelathini,
aliyeyakata makosa haya haya kwa wino mwekundu,
sasa anayasoma kwa sauti, moja baada ya moja,
kama anaita mahudhurio:
charehani. Cherahani. Sidano. Uzzi unakatikakatika.
Eladio anayaingiza yote, hasahihishi hata moja.
Saa saba ya usiku bado wanaita.

"Kiasi gani basi?"
"Arobaini kwa siku. Siku kumi."
Nélida anakokotoa, ingawa hakuna cha kukokotoa.
"Mia nne," anasema. "Hizo tunaweza kuzipoteza
bila kununiana."

Na labda hicho ndicho kipimo chenyewe,
sijui; mimi nami nimewahi kulipia kelele
nikadhani ninanunua masikio.

Asubuhi walikuta mibofyo sita.
Hakuna aliyenunua.
Mmoja tu, kutoka mji ambao jina lake halikuonekana,
alikaa dakika tisa mbele ya picha ya mkanda,
dakika tisa, mbele ya raba nyeusi
iliyopigwa picha juu ya kitambaa cha meza.
Nélida akaandika: Matangazo, kumi na mbili.
Mapato,
akaiweka penseli, akaenda kuchemsha maji.