Fomu ya Kupokea Jiwe

Mama Kapinga aliliweka mezani pangu, Kasapa,
limefungwa katika kitambaa cha kufunikia bukari.
"La marehemu," akasema. "Miaka ishirini
limezuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo.
Lakini lilikuwa na uhai. Lirudisheni kwa wenzake."

Nikafungua fomu.
Jina: amonaiti.
Umri: miaka milioni tisini na kitu,
na hicho "kitu" peke yake
kinazidi umri wa makaburi yetu yote.
Lilipookotwa: pwani ya Moanda,
alikokwenda fungate na koti la kuazima.

Wakati ule ncha za dunia hazikuwa na barafu.
Bahari ilipanda bila kupiga hodi,
ikaingia bara kama maji ya Januari yaingiavyo Katuba,
na Afrika ndiyo kwanza ilikuwa inaachana na pacha wake.
Kisha kule chini hewa ikaisha.
Matope yakawa meusi; hakuna aliyeyachimbua,
na waliokufa hawakupata hata wa kuwaozesha.

Huku kwetu ni shaba na vumbi jekundu.
Bahari ya hapa ilikufa zamani mno,
kabla konokono hajabuniwa.

Nikalipeleka bombani. Bomba likakohoa,
likatoa tone moja, kisha kutu.
Tone likafuata ule mzunguko hadi katikati, taratibu,
kama mtu apitaye vyumba vya nyumba aliyozaliwa.

Thamani? fomu inauliza.
Mama Kapinga alikuwa anautazama mlango wangu
unavyobamizwa.