Chokaa Juu ya Mabati

Februari, saa nane mchana, Mukuru kwa Reuben.
Kipimajoto nilichoazima maabara ya shule
kinasoma thelathini na tisa chumbani kwa Kwamboka.
Bati lenyewe ukiligusa litakuachia alama.

Tumepanda na ndoo mbili za chokaa,
chumvi kidogo ili ishike, brashi ya katani.
"Mwalimu," ananiuliza, "kwani jua huona rangi?"
Halioni. Hupokelewa tu.
Cheusi hulifungulia, hulipatia kiti, hulilaza.
Cheupe hulijibu mlangoni:
hodi nimeisikia, rudi ulikotoka.

Ubaoni ningechora duara, mishale ikiingia, mishale ikitoka,
theluthi hivi ya nuru ikirudishwa angani
na mawingu, barafu, mchanga mkavu.
Hapa ninaelekeza kwa brashi:
ile lami, yale masizi ya viwandani,
na kule kaskazini, asubuhi isiyo na vumbi,
Kirinyaga, jino lililobakiwa na kibanzi cheupe.

"Theluji ikipungua mwamba hujitokeza.
Mwamba hunywa jua, hupata moto,
huyeyusha theluji ya jirani,
mwamba mwingine hujitokeza..."

"Kama mkopo wa Kerubo," ananikatiza.
"Alikopa elfu tano alipe riba ya elfu tatu."

Miaka kumi na moja ninafundisha somo hili
na sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Nikamwongezea la mvuke: hewa ya moto hubeba maji mengi,
na mvuke ni blanketi juu ya blanketi.
Mawingu? Hapo nilisita.
Mchana mwavuli, usiku shuka;
hesabu yake bado inawakosesha watu usingizi.
"Basi hata nyinyi hamjui," akasema,
akachovya brashi.

Saa kumi kasorobo: thelathini na tatu.
Mwanawe amelala bila kupepewa,
jasho limemkauka shingoni, limeacha chumvi.

Ndipo dirisha la ghorofa ya jirani likafunguka,
Musyimi, mkono usoni, macho yamefinywa:
"Nyie! Jua lenu mmenitupia mimi!"

Kweli. Ukuta wake ni wa saruji tupu,
mweusi kwa moshi wa miaka,
na mng'ao wetu ulikuwa umeegemea pale.
Nilitafuta jibu la kitabuni, sikuliona.

Kwamboka akainamia ndoo. Robo, labda pungufu.
"Musyimi," akaita, "huo ukuta una futi ngapi?"