Nyeusi na Kijani

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
friji la Bi Mwanashehe linang'ata.
Si mng'ato wa kuua: ni siafu tu
kwenye ncha za vidole, ukiwa pekupeku
na sakafu bado mbichi kwa deki.
Watoto wanaofuata barafu za ukwaju wameshajua,
mlango unafunguliwa kwa pindo la kanga.

Fundi Sengasu alichuchumaa, akalegeza skrubu mbili,
akacheka bila furaha.
Ndani ya soketi mtu alizifunga pamoja
nyeusi na kijani, kwa kipande cha waya
kifupi kama kucha.
"Tabu, hizi nini?"
Nyutro na ethi.
"Tofauti yake?"
Nikajibu nilivyokariri chuoni:
zote sifuri, fundi, tesita haiwaki.
Akanipa tesita.
Iliwaka. Hafifu, kama jicho la paka uvunguni.

"Nyutro ni mchukuzi," akasema.
"Moto ulioingia kwa nyekundu ukagandisha ukwaju
yeye ndiye anaurudisha nguzoni,
kutwa kucha, hasifiwi.
Huyu kalegea kule kwenye mita.
Na mchukuzi akidondosha mzigo
utaokotwa na aliye karibu."
Akautazama mlango wa friji. Mimi nikatazama
urefu wa kitasa chake: kifua cha mtoto.

"Na ethi?" akauliza Bi Mwanashehe.
Ethi hana kazi, mama.
Ni jirani wa kugongewa saa nane usiku;
mwaka mzima hamjaombana hata chumvi.
Siku akibeba kitu, ujue nyumba imeungua
au ilikuwa iungue.
"Basi asiye na kazi mnanitoza ya nini?"

Tukachimba nyuma ya bafu, ardhi inakovuja.
Nikashindilia mkaa na chumvi ya mawe,
nyundo ikaimba juu ya shaba
mpaka fimbo ikabaki shingo tu.
Kila waya ukapewa shimo lake.
Kile kipande kifupi nilikitia mfukoni.

Bi Mwanashehe akavua ndara,
akakishika kitasa kwa kiganja kizima.
Akangoja. Akangoja tena,
kama mtu aliyepiga hodi asiitikiwe.
"Elfu thelathini," akasema, akihesabu noti,
"kwa kitu ambacho nitaomba
kisifanye kazi hata siku moja."

Akaingia mtoto na sarafu yake.
Tukamwambia limepona, shika tu.
Akatutazama wote watatu,
kisha akatafuta pindo la kanga.